Kiti, Pete na Darubini: Istilahi za Bunduki Kuukuu katika Kiswahili cha Mombasa

Utangulizi

Katika kila tasnifu inayoandikwa katika idara zetu za Kiswahili pana sehemu yenye kichwa "Malengo ya Utafiti". Ni wachache kati yetu wanaokumbuka kwamba kulenga lilikuwa tendo la mtu mwenye upinde au bunduki kabla halijawa tendo la mwanafunzi wa uzamili. Neno "shabaha" nalo limepitia njia hiyohiyo: lilitoka uwanjani likaingia darasani. Tumemwazima mpiga bunduki maneno yake mawili makuu, tukayapamba kwa dhana za kitaaluma, kisha bunduki yenyewe tukaiacha mlangoni. Mwanafunzi hodari anayeweza kuchambua taswira na ishara katika utenzi wa vita, akiombwa ataje sehemu tano za bunduki na kazi ya kila sehemu, huenda akakwama kwenye ya tatu.

Makala hii inanuia kueleza kazi moja ya kifundi kwa Kiswahili kitupu: namna darubini inavyofungwa juu ya bunduki kuukuu ya kijeshi. Kazi hii imechaguliwa kwa sababu inadai usahihi. Hapa chuma hukaa juu ya chuma, na kosa la upana wa unywele mkononi mwa fundi huwa kosa la shubiri penye shabaha. Lugha inayoeleza kazi ya namna hiyo haiwezi kujificha nyuma ya maneno kama "kifaa fulani" au "sehemu ile". Ama ina jina la kitu, ama haina.

Hoja yetu ni kwamba Kiswahili, hasa Kiswahili cha bandari kama Mombasa, hakina uhaba wa maneno ya ufundi huu. Kilichopungua ni mazoea ya kulifunga kila neno kwa kitu kimoja na kuliacha likae hapo. Ifahamike pia tangu mwanzo kwamba makala haya ni ya lugha. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamkataza raia kumiliki bunduki bila cheti, na kazi inayoelezwa hapa ni ya fundi mwenye idhini.

Silaha na maneno yaliyopitia Mvita

Jina Mvita wengine hulihusisha na vita, na wengine hulieleza kwa njia nyingine. Vyovyote iwavyo, historia ya kisiwa hiki imeandikwa kwa baruti. Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji huiita Ngomeni, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, wakati ambapo mizinga ilikuwa imeshabadilisha umbo la ngome duniani. Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa 1698. Jahazi la kivita la Kireno, Santo António de Tanná, lilizama mbele ya ngome hiyo mnamo 1697, na mabaki yake yalichunguzwa na wanaakiolojia wa chini ya maji katika miaka ya 1970. Mnamo Januari 1875, manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome kwa mizinga ili kumtoa Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana kama al-Akida. Mgogoro huo ulitungiwa utenzi na Abdallah bin Masud Mazrui, na Mbarak Ali Hinawy akauandikia kitabu kilichochapishwa 1950. Msomaji wa fasihi yetu ya kale ya vita, kwa hiyo, hana budi kujua silaha za zama hizo.

Silaha zilipoingia, ziliingia pamoja na majina yake, na majina hayo yamelala katika Kiswahili tabaka juu ya tabaka. "Mzinga" ni neno letu wenyewe. Aliyeona bomba nene la chuma lenye tundu katikati alilifananisha na gogo lililochongwa ndani kwa ajili ya nyuki. "Bunduki" imetoka Uarabuni, na wengine hulihusisha neno hilo na jina la Kiarabu la mji wa Venice. "Risasi" ni neno la Kiarabu linalotaja madini yenyewe ya risasi. "Kasiba", yaani bomba linalopitisha risasi, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tete au mwanzi. "Darubini" ni la Kiajemi, na limeungwa kwa sehemu mbili: "dur", mbali, na "bin", kuona. Muundo huo ulikubalika kwetu kiasi kwamba wanasayansi walipohitaji jina la chombo cha kuonea vitu vidogo, tulipata "hadubini", lenye mkia uleule. "Singe", kisu kinachochomekwa mbele ya bunduki, limetoka Bara Hindi. "Parafujo" ni la Kireno, na ndugu yake "skrubu" ni la Kiingereza. Wote wawili wanaishi katika nyumba moja bila kugombana.

Tukitazama orodha hiyo tutaona kwamba haikutungwa na kamati. Ilitungwa na mabaharia, mahamali, askari na mafundi, kila kizazi kwa haja yake. Hili ni muhimu kwa mjadala wetu, kwa kuwa mara nyingi tunaposema "Kiswahili hakina neno" huwa tunamaanisha kwamba hatujamuuliza mtu anayekishika kitu chenyewe.

Mizinga miwili na tatizo la kitako

Kabla hatujaishika bunduki, tutazame mfano mkubwa zaidi unaoonekana kwa macho Mombasa. Ndani ya Ngome ya Yesu imo mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliyotoka katika meli mbili zilizopigana. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mwingine ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliishambulia Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja na kuizamisha. Mizinga ya Wajerumani ilikuwa na kipenyo cha sentimita 10.5, nayo ilifika mbali kuliko ile ya mahasimu wao. Kisha Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa vibaya, mabaharia wake wenyewe waliizamisha.

Mizinga ya meli zote mbili haikufa pamoja na meli. Ile ya Königsberg ilitolewa majini ikaundiwa magari ya magurudumu, ikaburutwa bara pamoja na jeshi la Wajerumani. Mizinga ya Pegasus nayo iliopolewa na kutumiwa nchi kavu na Waingereza. Hapa ndipo fundi alipokabiliwa na tatizo ambalo ndilo kiini cha makala yetu. Mzinga wa meli umeundwa ukae juu ya nguzo iliyofungwa sitahani. Ukiuweka juu ya magurudumu, mshindo wake wa kurudi nyuma hauna tena meli nzima ya kuupokea. Chombo kinabaki kilekile, lakini makao yake yamebadilika, na makao mapya yanapaswa kubuniwa upya kwa hesabu.

Kufunga darubini juu ya bunduki kuukuu ni tatizo hilohilo katika umbo dogo. Silaha iliundwa kwa ajili ya jicho tupu; sasa inatakiwa ibebe kioo.

Bunduki ya Keya

Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, kiliundwa 1902 na kikadumu hadi zama za uhuru. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kuamrishana, ingawa kilikuwa Kiswahili chenye sarufi ya kambini kilichowachukiza walimu wa sanifu. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Afrika Mashariki walivuka bahari hadi Ceylon mnamo 1943, na mwaka uliofuata wakapigana Burma. Kilindini yenyewe, bandari ambayo jina lake linatokana na kilindi cha maji yake, ilipokea kundi la manowari za Uingereza za Mashariki mwaka 1942 baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon.

Silaha iliyozoeleka sana mikononi mwa majeshi ya Uingereza zama hizo ilikuwa bunduki ya Lee-Enfield. Kasiba yake ina kipenyo cha milimita 7.7 hivi, na huchukua risasi 10. Aina yake ya nne imebaki katika kumbukumbu za Wakenya kwa jina la "Mark Four".

Bunduki hii ina sehemu zinazohitaji majina kabla hatujaendelea. Nyuma kabisa pana "tako", mbao inayoegemezwa begani. Mbele pana "kasiba", ambayo wengi huiita "mtutu". Kati ya hizo mbili pana kisanduku cha chuma ambamo kipande cha chuma cha mviringo husukumwa mbele na nyuma kuingiza na kutoa risasi. Askari wa leo hukiita kipande hicho "bolti". Lakini mtu aliyekulia Mji wa Kale, akitazama namna kinavyosukumwa kisha kikageuzwa ili kifunge, atakumbuka komeo la mlango. Kazi ni moja: kuzuia kilicho ndani kisitoke kwa nguvu. Katika makala hii tutakiita "komeo", na kile kisanduku tutakiita "nyumba ya komeo". Kitu cha kuvuta kwa kidole ni "kifyatulio". Vile vipande viwili vya kulengea, kimoja mbele na kimoja nyuma, tutaviita "vilengeo", kutokana na kitenzi "lengea", kama tunavyopata "kifunguo" kutokana na "fungua".

Kwa nini bunduki kuukuu haipokei darubini kwa urahisi

Bunduki nyingi za kiraia za leo hutoka kiwandani zikiwa na matundu tayari ya kufungia darubini. Bunduki za kijeshi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 hazikuwa hivyo, na sababu zake ni tano.

Kwanza, zilijazwa kwa juu. Askari alichukua kibanio chenye risasi 5, akakichomeka juu ya nyumba ya komeo, akazisukuma risasi chini kwa dole gumba. Darubini ikikaa katikati ya njia hiyo, kibanio hakipiti, na risasi hulazimika kuingizwa moja moja.

Pili, komeo lina mkono. Katika bunduki za Mauser za Kijerumani na Mosin-Nagant za Kirusi, aina nyingi zilikuwa na mkono ulionyooka, na unapoinuliwa kufungua hugonga darubini. Ndiyo maana bunduki za aina hizo zilizotengenezwa kwa walenga shabaha zilipewa mkono uliopindwa kuelekea chini. Lee-Enfield haikuwa na taabu hiyo, kwa sababu mkono wake ulikuwa umepinda tangu awali.

Tatu, baadhi zina kizuizi cha usalama nyuma ya komeo, nacho huinuka juu kinapogeuzwa. Mauser ya mwaka 1898 ni mfano mzuri. Darubini ikikaa chini sana, kizuizi hakigeuki, na silaha isiyoweza kuzuiwa ni hatari kwa mwenyewe.

Nne, tako lake limechongwa kwa ajili ya vilengeo vya chini. Mtu akiegemeza shavu kwenye tako, jicho lake huwa sawa na vilengeo. Darubini hukaa juu zaidi, hivyo humlazimu kuinua shingo, na shavu likielea hewani jicho halirudi mahali pamoja mara mbili.

Tano, chuma cha nyumba ya komeo kimekaushwa kwa moto kikawa kigumu. Kekee ya kawaida huteleza juu yake au hukatika, na tundu lililokwenda upande halirudishwi.

Jinsi darubini inavyofungwa

Mfano bora wa namna Waingereza walivyotatua matatizo hayo ni bunduki ya Lee-Enfield aina ya nne iliyopewa herufi T. Kiwandani, bunduki zilizoonyesha usahihi kuliko nyingine zilitengwa. Nyingi kati yake zikapelekwa kwa mafundi wa Holland & Holland, watengenezaji wa bunduki wa London, wazifunge darubini iliyoitwa namba 32. Darubini hiyo, ambayo hapo awali ilikusudiwa bunduki ya rashasha ya Bren, hukuza umbo kwa takriban mara 3.

Kazi ilianza kwa viti. Fundi alifunga vipande viwili vya chuma ubavuni mwa nyumba ya komeo, upande wa kushoto, kimoja mbele na kimoja nyuma. Vipande hivyo tutaviita "viti vya darubini". Tumeepuka neno "kitako" kwa makusudi, kwa sababu linagongana na "tako" la bunduki. Viti vilisawazishwa kwa tupa na kubanwa kwa parafujo. Usawa wake ulikuwa jambo la kufa na kupona: kiti kikiinama kidogo, darubini nayo huinama, na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayoficha kosa hilo kikamilifu.

Juu ya viti ikaja "mkono wa darubini", chuma kimoja chenye pete mbili. Mkono huo ulifungwa kwenye viti kwa parafujo mbili kubwa zenye vichwa vya kushikika kwa vidole, ili darubini iweze kuvuliwa na kurudishwa bila bisibisi. Pete ziliikumbata darubini. Nusu ya chini ya kila pete ni sehemu ya mkono, na nusu ya juu hufungwa kwa parafujo. Pete zikikazwa kupita kiasi hulibana bomba la darubini na kuharibu lenzi. Zikilegea, mshindo wa kwanza huisogeza darubini mbele. Fundi mzuri hukaza parafujo moja kidogo, kisha ya pili kidogo, akirudia kwa zamu hadi zote zishike sawasawa.

Kabla ya kukaza kwa mara ya mwisho, hupimwa "umbali wa jicho", yaani nafasi kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Katika darubini nyingi za bunduki nafasi hiyo ni kati ya sentimita 7 na 10. Ikiwa ndogo mno, bunduki inaporudi nyuma darubini hupasua nyusi. Ikiwa kubwa mno, picha huzungukwa na giza. Hupimwa pia wima wa alama ya kulengea iliyo ndani ya darubini. Hapa timazi, uzi wenye uzito unaotumiwa na mwashi wa nyumba za mawe, hutosha kabisa: uzi huning'inizwa ukutani, bunduki huwekwa sawa katika jiriwa iliyopambwa kwa kitambaa, na darubini huzungushwa ndani ya pete hadi alama yake ilingane na uzi.

Mwisho, juu ya tako kulifungwa kipande cha mbao, "kiegemeo cha shavu", ili uso uinuke kufuata darubini. Kisha likaja jambo ambalo mwanaisimu hana budi kulitazama kwa makini. Namba ya bunduki ilipigwa muhuri kwenye mkono wa darubini, na namba ya darubini ikapigwa kwenye mbao ya bunduki. Darubini haikuwa ya bunduki yoyote. Ilikuwa ya bunduki ile. Zikitenganishwa na kuchanganywa, kila kitu kilikuwepo na hakuna kilichofanya kazi ipasavyo.

Bunduki hizi leo ni vitu vya kihistoria, na mwenye bunduki kuukuu isiyo na viti anayetaka darubini ana njia nyingine. Iko ya kuondoa kilengeo cha nyuma na kufunga kiti palepale kwa kutumia matundu yaliyokuwapo, kisha kuweka darubini yenye umbali mrefu wa jicho mbele ya nyumba ya komeo. Njia hii haitoboi chuma, na inaacha nafasi ya kibanio juu. Wahifadhi huipenda, kwa sababu tundu jipya katika silaha ya zamani huipunguzia thamani na kufuta sehemu ya historia yake.

Kulinganisha mistari miwili

Darubini ikishafungwa bado haijawa na faida, kwa kuwa pana mistari miwili isiyojuana. Mstari wa jicho hupita katikati ya darubini. Mstari wa kasiba hupita chini yake kwa sentimita 4 au 5. Mistari hii ikiwa sambamba kabisa haitakutana kamwe. Zaidi ya hayo, risasi haifuati mstari wowote kati ya hiyo miwili. Huanza kuvutwa chini na uzito wake mara tu inapotoka mdomoni mwa kasiba. Kulinganisha ni kuielekeza darubini ili mstari wa jicho ukutane na njia ya risasi katika umbali uliochaguliwa, tuseme mita 100.

Kipimo kinachotumika ni "dakika ya pembe". Nyuzi moja ya pembe ina dakika 60, na dakika moja katika umbali wa mita 100 ni sentimita 2.9 hivi. Darubini nyingi za kiraia za leo huwa na vizungusho viwili, kimoja cha juu na chini na kingine cha kushoto na kulia, na kila hatua ya kizungusho ni robo ya dakika. Risasi ikigonga sentimita 6 kushoto mwa shabaha katika mita 100, hilo ni kosa la dakika 2 hivi, na fundi atazungusha hatua 8 kuelekea kulia. Aya hii nzima haikuhitaji neno lolote la Kiingereza. Ilihitaji kuamua tu kwamba "dakika" hapa ni ya pembe wala si ya saa, na kusema hivyo mara moja.

Maneno yanayogongana

Tulidai kwamba taabu yetu ni kutofunga neno kwa kitu. Tutoe ushahidi.

Neno la kwanza ni "mtambo". Hutumiwa kwa kifyatulio, hutumiwa kwa utaratibu mzima wa ndani ya bunduki, na hutumiwa kwa mashine yoyote. Msemaji akisema "mtambo ulikwama", msikilizaji hajui kama kidole kilishindwa kuvuta, au komeo lilishindwa kufunga, au silaha yote iliharibika.

Neno la pili ni "mtutu". Kwa wengine ni bomba zima, na kwa wengine ni mdomo wa bomba. Kwa kuwa tunayo "kasiba", ingefaa kasiba ibaki kuwa bomba na mtutu uwe ncha yake. Pendekezo hili halivunji matumizi ya mtu yeyote. Linagawa kazi kati ya maneno mawili yaliyokuwa yakifanya kazi moja.

Neno la tatu ni "fataki". Zamani lilitaja kile kidonge cha kuwashia baruti katika bunduki za kupakia kwa mbele, zile tunazoziita magobori. Leo mtoto wa Mombasa akisikia fataki hufikiria cheche za sikukuu. Mhariri wa matini ya karne ya 19 asiyejua maana ya kwanza ataeleza vita kana kwamba ni harusi.

Neno la nne ni jozi ya "lengo" na "shabaha". Katika ulengaji, shabaha ni kitu kinachopigwa, na kulenga ni kuelekeza. Katika tasnifu zetu maneno haya yamekuwa visawe, kiasi kwamba mtahini hulazimika kuuliza yana tofauti gani. Mpiga bunduki angemjibu: shabaha iko kule, kulenga kuko hapa.

Uzito wa jambo hili

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya askari na mafundi, nasi ni watu wa vitabu. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama. Katika kesi ya silaha, tofauti kati ya kifyatulio na komeo, au kati ya bunduki iliyokwama na bunduki iliyozuiwa kwa usalama, yaweza kuwa tofauti kati ya ajali na kusudi. Mkalimani aliyefundishwa katika idara zetu, na ambaye ana "mtambo" tu wa kutafsiria vitu vyote vitatu, anabeba uhuru wa mtu kwa neno moja lililolegea.

Iko pia kazi ya makumbusho. Ngome ya Yesu, iliyokuwa jela tangu 1895 hadi 1958 na ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, hutembelewa na wanafunzi wengi wa shule za pwani. Mtoto anayesimama mbele ya mzinga wa Königsberg anastahili kuelezwa kwa lugha yake kwamba hiki ni kitako kipya, hii ni kasiba, na hapa ndipo risasi ilipoingizwa. Na iko kazi yetu ya uhariri wa tenzi za vita, ambayo haiwezi kuendelea kwa kukisia.

Hitimisho

Mwaka 1928 wataalamu walikutana Mombasa, na hapo Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Makala haya hayakusudii kuufufua mjadala huo. Yanakusudia kukumbusha kwamba usanifishaji ulihusu zaidi tahajia na sarufi, na kwamba maneno ya kazi yalibaki kwenye karakana, bandarini na kambini, ambako mengi yangali hai.

Tumeeleza kazi ya kifundi kwa kutumia tako, kasiba, komeo, parafujo, pete, tupa, kekee, jiriwa, timazi na darubini, maneno ambayo mafundi wamekuwa nayo kwa muda mrefu. Tulichoongeza ni kidogo: nyumba ya komeo, kilengeo, kiti cha darubini, umbali wa jicho, kiegemeo cha shavu na dakika ya pembe. Kila nyongeza imetokana na mzizi unaojulikana na imefasiriwa mahali pake pa kwanza. Yeyote mwenye neno bora alilete, hasa akiwa amelisikia kwa fundi.

Kwa wanafunzi wenzangu wanaotafuta mada ya tasnifu, uwanja uko wazi: msamiati wa seremala wa majahazi, wa sonara, wa makanika, wa mpakiaji wa makontena Kilindini. Kazi ya mwanaistilahi katika nyanja hizo ni ileile ya fundi wa London aliyepiga muhuri namba ya darubini kwenye mbao ya bunduki. Neno na kitu viandikiane namba, ili atakayevikuta baada yetu ajue kipi ni cha kipi.